Kunduchi Inaposubiri Mvua

Februari, jua likiwa kali kuliko miezi yote, mashamba ya chumvi ya Kunduchi, pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, humeta hadi macho yakauma. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua kupitia vijito vya mikoko, yakafungiwa kwenye majaruba mapana, kisha yakahamishwa jaruba hadi jaruba kadiri yanavyokolea. Katika jaruba la mwisho chumvi huanza kuganda: kwanza utando mwembamba juu ya maji, halafu punje zinazozama chini. Vibarua huikwangua kwa reki za mbao, wakairundika pembeni ijichuje maji. Hapo kazi ya wiki kadhaa imekaa wazi, na mvua ya saa moja inatosha kuiyeyusha yote ikarudi baharini.

Mvuna chumvi haulizi sana masika yataleta mvua kiasi gani. Aprili itanyesha, hilo analijua. Anachouliza ni lini yataanza. Yakiingia wiki ya kwanza ya Machi, mavuno ya mwisho yamekwenda na maji. Yakisubiri hadi Aprili, amepata mzunguko mzima wa ziada. Mama anayeanika dagaa kwenye mchanga anauliza hilohilo, na mkulima wa mpunga bondeni pia, ingawa huyu anaiomba mvua iwahi na wenzake wanaiomba ichelewe. Nionavyo mimi, historia ya Kunduchi kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliojipanga kuizunguka siku moja ambayo haijawahi kukaa mahali pake, na ambao kwa karne nyingi walijua namna ya kuishi nayo hivyo.

Mji huu ni mkongwe kuliko Dar es Salaam. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga ikulu yake kwenye bandari ya Mzizima, miaka ya 1860, msikiti wa Kunduchi ulikuwa wa kale tayari. Magofu yake na makaburi ya nguzo yangali yamesimama kati ya mibuyu, na kwenye baadhi ya nguzo hizo palipachikwa vibakuli vya kaure kutoka China. Vyombo hivyo vililetwa na pepo za msimu. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huvuma kutoka Arabuni na India, ikasukuma majahazi kusini. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, huyarudisha kwao. Kati ya upepo mmoja na mwingine kuna kipindi cha maleleji, pepo zisizo na msimamo, joto la kukatisha pumzi na bahari iliyopata moto wa miezi mitatu. Masika hunyesha katika pengo hilo. Kwa hiyo nahodha aliyekuwa akipakia boriti za mikoko na pembe alikuwa akiisubiri siku ileile aliyoisubiri mkulima, kila mmoja kwa sababu yake. Nahodha akiondoka mapema, kaskazi ingali mbele yake. Akichelewa, kusi inakuwa kali na njia imefungwa.

Walihitaji kalenda, na kalenda ya mwezi haikuwafaa. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walihesabu kwa nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 uliotoka Uajemi. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15 kutoka Oman, aliandika tarehe za kusafiri kwa kuhesabu siku za nairuzi. Waswahili waliifanya hesabu hiyo kuwa yao. Kuanzia siku ya mwaka, siku ya kwanza ya nairuzi, walihesabu kwa makumi, kila siku kumi mwongo mmoja, miongo 36 kwa mwaka, na siku tano zikabaki za kufungia hesabu. Mzee angeweza kusema mwongo gani wa kusafisha shamba, mwongo gani wa kupanda, mwongo gani wa kuvuta chombo pwani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mji ulio kaskazini ya Kunduchi kwenye pwani hii hii ya Mrima, aliieleza siku ya mwaka katika kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichochapwa mwaka 1903. Unguja wangali wanaiadhimisha, Makunduchi, kila Julai.

Nairuzi ina siku 365 kamili, haina mwaka mrefu. Kwa hiyo kila miaka minne inarudi nyuma siku moja dhidi ya jua, na kwa karne moja siku 24. Siku ya mwaka inayoangukia karibu na tarehe 23 Julai zama zetu ilikuwa mwishoni mwa Agosti katika miaka ya 1870. Mwongo uliokuwa wa kupandia vuli zama za mababu si wa kupandia tena kwa wajukuu. Mtu angetarajia wakulima waigundue kasoro hiyo haraka, lakini fikiri mambo yalivyokuwa shambani. Katika miaka thelathini, umri wa mtu kulea watoto na kuwaona wakilima, kalenda husogea wiki moja tu. Mvua yenyewe, kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, husogea wiki mbili mbele au nyuma. Mteleko wa kalenda ulifichwa na kutotulia kwa mvua. Wazee walisahihisha miongo bila kutangaza, kwa kutazama mawingu, maua ya miti na upepo, na hesabu ikaendelea kuheshimiwa kwa sababu hakuna aliyeitegemea peke yake.

Hesabu iliposhindwa kabisa, Wazaramo wa nyuma ya pwani walikuwa na mahali pa kupeleka shauri lao. Walipanda hadi milima ya Uluguru, kwenye pango la Kolelo, mzimu aliyesemwa kuwa na umbo la nyoka mkubwa, kumwomba mvua. Wajumbe walikwenda na sadaka, safari ya siku nyingi kwa miguu. Kolelo alikuwa na nguvu kiasi kwamba vita vya Maji Maji vilipolipuka kusini mwaka 1905, jina lake lilitajwa Uzaramo pamoja na habari za maji ya dawa, na serikali ya Kijerumani iliona hatari katika ibada ambayo msingi wake ulikuwa mvua. Kuchagua Uluguru kuwa mahali pa kuombea mvua kulikuwa na busara ndani yake. Milima hiyo hukinga upepo wa bahari na kunyeshewa hata pwani ikiwa kavu, na ndiko Mto Ruvu unakoanzia.

Wajerumani walileta namna nyingine ya kusubiri. Walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na katika muongo huohuo wakaanza kuweka vipima mvua kwenye maboma, misheni na mashamba. Kifaa chenyewe hakina fahari: mtungi wa bati, faneli juu yake, na chupa yenye mistari ya kusomea. Mtu mmoja anakwenda kila asubuhi, anamimina maji ndani ya chupa, anaandika kwenye buku. Kukiwa hakuna maji, anaandika sifuri, na sifuri hiyo ina thamani sawa na namba yoyote nyingine, maana pasipo sifuri huwezi kujua ukame ulianza lini. Mabuku hayo yalikuta kazi mapema. Kuanzia vuli ya 1898 mvua zilikosekana sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na njaa iliyofuata hadi mwaka 1900 iliua watu wengi katika nyanda za nyuma ya pwani, kwetu na Kenya pia.

Mwaka 1899 pepo za mvua zilikosekana India nako, na njaa ikaua watu wengi mno. Mwaka 1904 Gilbert Walker, mtaalamu wa hesabu kutoka Uingereza, alikabidhiwa idara ya hali ya hewa ya India, na akatumia miaka ishirini kutafuta kwa nini mvua za msimu hufika mwaka huu na kukosekana mwaka ule. Alikusanya vipimo kutoka pande zote za dunia, akalinganisha safu za namba kwa mikono ya makarani wengi. Alichokiona ni mbembeo mkubwa wa hewa: mgandamizo ukipanda upande wa Bahari ya Hindi na Australia, hushuka upande wa Pasifiki, na kinyume chake. Hakuweza kueleza chanzo chake. Lakini kuanzia hapo ilikuwa wazi kwamba mtu anayesubiri mvua Bombay na anayesubiri Kunduchi wanasubiri sehemu mbili za mtambo mmoja.

Waingereza waliunda idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929, makao makuu Nairobi, chini ya Albert Walter aliyetoka Mauritius. Milimita za Wajerumani zikawa inchi, saa ya kusoma ikawa saa tatu asubuhi, na orodha ya vituo ikaongezeka mwaka hadi mwaka. Idara hiyo ya pamoja ilidumu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kisha kila nchi ikabeba mabuku yake.

Ni kutoka mabuku ya namna hiyo ambapo Pierre Camberlin na Raphael Okoola, wakichambua vituo vya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, walitoa mwaka 2003 picha ninayoiona bora kuliko zote kuhusu mwanzo wa masika. Kwa wastani masika ya eneo hilo huanza tarehe 25 Machi na kuisha karibu na tarehe 21 Mei. Kuanza kwake hutawanyika wiki mbili hivi kila upande wa wastani, kuisha hutawanyika siku kumi tu. Zaidi ya hapo, mwaka ambao mvua huchelewa kuanza kwa kawaida ndio mwaka wa mvua chache. Wavuna chumvi na wakulima walikuwa sahihi kuuliza siku kabla ya kuuliza kiasi.

Kwa nini mwanzo ndio uyumbe? Ukanda wa mvua hulifuata jua, na jua huvuka ikweta Machi bila kukosea. Ila jua huleta matayarisho tu. Bahari ina joto, hewa ina unyevu, kaskazi inalegea, na bado mvua inaweza kukaa wiki tatu bila kushuka kwa sababu hakuna kilichoisukuma. Msukumo mara nyingi ni kundi la mawingu linalozunguka dunia kando ya ikweta kila siku 30 hadi 60, lililotambuliwa na Roland Madden na Paul Julian mwanzoni mwa miaka ya 1970. Likifika Bahari ya Hindi magharibi wakati mwafaka, masika huwahi. Likiwa limepita Februari, tunangoja mzunguko ujao. Au kimbunga karibu na Madagaska huvuta unyevu wote upande wake na kutuachia anga jeupe. Mwishoni mwa msimu hakuna kubahatisha kwa namna hiyo: kusi ikikaza, mvua hukatika.

Vuli ina bwana wake mwingine. Mwaka 1999 watafiti wakiongozwa na N. H. Saji walieleza jinsi Bahari ya Hindi inavyopinda joto lake. Katika miaka fulani maji ya upande wa Sumatra hupoa, ya upande wetu hupata joto, na pepo husukuma mawingu kuja Afrika. Mwaka 1961 ulikuwa mmoja wao. Nusu ya kwanza ya mwaka huo Tanganyika ilikuwa na ukame na upungufu wa chakula. Kisha Oktoba na Novemba ikaja vuli ambayo Ziwa Victoria halikuwa limeona mfano wake tangu kina chake kianze kupimwa. Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba ikiwa na njaa na mafuriko kwa wakati mmoja. Mwaka 1997 bahari ilipinda tena, safari hii pamoja na El Niño kubwa, yaani joto lisilo la kawaida la maji ya Pasifiki, na mvua zilizoanza Oktoba hazikukoma hadi mwaka mpya ukaingia. Neno elnino likaingia katika Kiswahili cha mtaani, na limebaki.

Mtanzania aliyeunganisha mambo haya na pwani yetu ni Agnes Kijazi, ambaye baadaye aliongoza Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa miaka mingi. Mwaka 2005, pamoja na Chris Reason wa Chuo Kikuu cha Cape Town, alichapisha uchambuzi wa mvua za pwani ya Tanzania na kuonyesha kwamba katika pwani ya kaskazini, ambamo Kunduchi imo, miaka ya El Niño huwa na mvua nyingi hasa kwa sababu vuli huwahi kuanza na msimu hurefuka. Miaka ya La Niña, Pasifiki inapopoa, vuli huchelewa, na msimu hufupika. Pwani ya kusini, Lindi na Mtwara, yenye msimu mmoja wa mvua, haifuati kanuni hiyo kwa usawa. Kwa hiyo Dar es Salaam, iliyo karibu na mpaka wa tabia hizi mbili, haiwezi kuazima kalenda ya Mtwara wala ya Tanga na kuitumia bila kuipima.

Wakati elimu hiyo ikipatikana, Kunduchi yenyewe ilikuwa ikigeuka. Kiwanda cha saruji kilifunguliwa Wazo Hill miaka ya 1960, machimbo ya mawe yakapanuka Mtongani, barabara ya Bagamoyo ikaleta watu, na mashamba ya minazi, mikorosho na muhogo yakakatwa viwanja. Hasara ninayoiona kubwa kupita zote haikuwa mashamba yenyewe, bali nafasi ya kusubiri. Kaya ya zamani ilikuwa na mguu mmoja baharini na mmoja shambani. Masika yakichelewa, bahari bado tulivu na mtu anavua wiki mbili zaidi, anakausha, anauza bara. Yakiwahi, dagaa wanaoza lakini mpunga umepata maji. Muhogo ulikaa ardhini bila kuoza, ukisubiri kuchimbwa mwaka mbaya. Kila kitu kilikuwa na mwenzake wa kukiokoa. Kaya ya leo ina mshahara au biashara ndogo, bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na chakula cha dukani. Mvua ikichelewa haina cha kugeukia, ikiwahi haina pa kukimbilia.

Bomba hilo lina historia yake. Mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa miaka ya 1970 karibu na Bagamoyo na kupanuliwa baadaye hadi uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, ndio unaolisha ukanda wa barabara ya Bagamoyo hadi mjini. Huchota moja kwa moja mtoni, na mto hauna bwawa kubwa la kuhifadhi maji juu yake. Maana yake ni kwamba mwezi Oktoba, baada ya kipupwe na demani kupita bila mvua, jiji la mamilioni ya watu hunywa kile ambacho mto unacho siku hiyo. Vuli ya 2021 ilichelewa, La Niña ikiwa imeshika, na Novemba mgao wa maji ukatangazwa. Mwaka uliofuata hali ikajirudia kwa ukali zaidi: Oktoba 2022 ratiba ya mgao ilitoka kata kwa kata. Watu wa ufukweni wenye visima hawakuwa na nafuu kubwa, kwani visima vingi karibu na bahari maji yake ni ya chumvi. Bodaboda zilizobeba madumu zikawa sehemu ya sura ya barabara za ndani, na dumu la maji likapanda bei wiki baada ya wiki.

Upande wa pili wa shilingi haukuwa mbali. Desemba 2011 mvua ya siku mbili tatu iliua watu wapatao 40 jijini, na familia zilizonusurika bonde la Jangwani zikahamishiwa Mabwepande, kaskazini mwa Kinondoni. Aprili 2014 Boko Basihaya, jirani kabisa na Kunduchi, ilikaa ndani ya maji. Mwaka 2019 bahari ilipinda kwa nguvu isiyoonekana kwa miongo mingi na vuli ikaingia kwa kishindo mapema Oktoba, kabla watu hawajazibua mifereji. Kisha 2023, mwaka mmoja tu baada ya mgao, El Niño ikarudi. Mtu aliyejenga nyumba Tegeta mwaka 2021 na kununua matangi mawili ya kukinga ukame, miaka miwili baadaye alikuwa akitafuta mifuko ya mchanga ya kuzuia maji mlangoni.

Utabiri wa msimu umekuwapo muda wote huo. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kabla ya kila msimu kukubaliana juu ya mwelekeo wa mvua, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa yake kwa kanda, ikitaja wiki ambayo mvua zinatarajiwa kuanza. Kwa vuli utabiri huo una msingi imara, maana bahari hujipinda taratibu na huonekana miezi miwili kabla. Kwa masika kazi ni ngumu, kwa sababu zile nilizozitaja. Kuna ugumu mwingine ambao msikilizaji wa redio haambiwi: kuanza kwenyewe lazima kupewe maana. Kituo cha hali ya hewa cha kanda, ICPAC, cha Nairobi, huhesabu kwamba mvua zimeanza pale zinapofika milimita 20 ndani ya siku tatu, bila kufuatwa na ukame wa zaidi ya siku saba katika siku 21 zinazofuata. Mkulima anayepanda siku ya kwanza hana siku 21 za kutazama nyuma. Machi nyingi za Kunduchi zimekuwa na mvua moja nzito iliyofuatwa na jua la siku kumi na mbili, mbegu zikachomoza na kukauka. Kwa kitabu cha takwimu masika hayakuwa yameanza. Kwa aliyepoteza mbegu yalianza, yakamtupa.

Na kanda ni kubwa. Taarifa moja hubeba Tanga, Dar es Salaam, Pwani, Morogoro kaskazini mashariki na visiwa vya Unguja na Pemba kwa pamoja, ilhali wingu la Machi laweza kuiloweka Kunduchi na kuiacha Temeke na vumbi lake. Kipima mvua kwa kila shule ya msingi kuanzia Mbezi hadi Bunju, kikisomwa saa tatu kila asubuhi na kuandikwa hata siku za sifuri, kingegharimu kidogo sana kuliko hasara ya msimu mmoja. Ningependa kuliona jambo hilo likifanyika.

Linalofanyika kwa sasa ni kubwa zaidi na liko mbali zaidi. Huko Kidunda, mkoani Morogoro, ambako Ruvu imekwisha kukusanya maji ya Uluguru, linajengwa bwawa lililokuwa likizungumzwa kwa miongo kadhaa, lenye ukubwa wa mita za ujazo milioni 190, ili mtambo wa Ruvu Chini uwe na maji hata vuli ikipitiliza Novemba. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Novemba 2022, mgao ukiendelea jijini na mawingu ya vuli yakiwa bado hayajafika.